Kaniki Niliyomshonea Mselem

Kaniki ile niliishona mimi. Nalisema mapema, asije mtu akanizungukia kwa maneno ya pembeni. Nilikaa barazani kwetu Msambweni mchana kutwa, na cherehani yangu mwenyewe, nikimshonea ndugu yangu vazi lililomuua. Hakufa, la, yu hai hata leo. Anasuka makuti shambani, na ukimsalimu anaitika vizuri. Lakini mimi Mwanarusi ndiye dada yake, na nalijua ninalolisema.

Mselem alikuwa mpiga mieleka. Kwetu, mpunga ukishavunwa, vijana walikuwa wakikutana uwanjani kupigana mieleka, na sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, mgongo ukigusa mchanga umeanguka, hakuna maneno. Ya pili, aliyeangusha ndiye humwinua mwenziwe na kumpangusa mchanga mgongoni kwa mkono wake, watu wote wakiona. Ushindi usiopangusiwa si ushindi, ni ugomvi, na mzee yeyote pale angekwambia hivyo.

Hakuwa mtu wa kutisha kwa umbo. Alikuwa mfupi, shingo nene, mabega ya kubebea magunia ya sukari kiwandani Ramisi, kwani ndiyo kazi aliyoifanya tangu baba yetu alipofariki. Alichowazidi wenziwe ni subira. Alikuwa akimwacha mtu amsukume, amsukume, mpaka yule akisahau na kumpa uzito wake wote, hapo Mselem akageuza nyonga kidogo tu, na mtu anaona mbingu. Sherehe za uhuru zilipokuja, Desemba ya mwaka wa sitini na tatu, alikwenda uwanja wa Kwale akaangusha watu saba, na akapangusa migongo saba. Mimi nilikuwepo, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Na mwingine aliyekuwepo ni Kavumbi.

Kavumbi alikuwa mtu wa Mombasa. Zamani alikuwa akikata tiketi sinema, kisha akapata lori, mbao za jukwaa na kamba za katani, akaunda kundi lake la mieleka ya kulipia. Walikuwa wakizunguka Ukunda, Ramisi, Mariakani, mpaka Samburu ya njia ya Nairobi, kwa madereva wa malori. Alikuja kwetu na halwa ya kilo mbili, akamwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, akasema, “Mama, mwanao nipe mimi. Atajulikana mpaka Nairobi.”

Mselem alimuuliza neno moja. “Nitaitwa kwa jina langu?”

“Utaitwa kwa jina lako, na siku nitakapoleta jukwaa hapa Msambweni, utapigana kweli mbele ya mama yako. Hiyo ni ahadi.”

Ahadi hiyo ilihitajika, kwani mieleka ya Kavumbi haikuwa ya kweli. Nani ashinde na nani aanguke ilikuwa ikipangwa mapema, nyuma ya lori. Mselem aliponieleza nilishtuka, nikamwambia huo ni uongo. Akacheka. “Ni mchezo, dada. Kuanguka vizuri nako ni kazi. Mimi naingoja ile siku moja ya Msambweni.” Basi hilo ndilo alilolitaka duniani: kumwangusha mtu kweli, kwa jina lake, mbele ya watu wake. Mtu akitaka hivyo ametaka makubwa? Mimi sioni.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Watu walikuwa wakiita, “Mselem wa Msambweni! Mselem!” na viti vikajaa. Akamwoa Mwanaima, binti wa Mzee Abdurahman, mtu mkali kidogo lakini wa dini. Nikasema alhamdulillahi, ndugu yangu amepata.

Kisha Kavumbi akapata wazo. Wallahi, kama mawazo yangekuwa yanauzwa sokoni, lile hata mbuzi asingelila. Alikuja na Mselem nyumbani siku ya Ijumaa, akakaa kwenye mkeka, akaanza. “Wapiga mieleka hodari ni wengi, Bi Mwanarusi. Watu wanataka kisa. Nimeona picha za Kizungu, maiti anatoka sandukuni, watu wanapiga mayowe, wanarudi kesho yake kulipa tena. Mselem nitamfanya jini. Jini wa Mzimuni. Atatoka kwenye sanduku amevaa kaniki nyeusi, uso masizi, hasemi neno. Atawapiga wote. Mwisho mwenziwe atachukua mrashi, amnyunyizie marashi, na jini ataanguka.”

“Kwa marashi?” Mselem akauliza. “Bila ya kushikwa?”

“Bila ya kushikwa. Hapo ndipo raha yenyewe.”

Mama alikuwa anachambua mchele. Akauweka chini ungo wake. “Jini? Mnachezea jini?”

Nani aliyemjibu? Mimi. Kavumbi alikuwa ameshanisifia mkono wangu wa kushona, kwamba hata Mombasa hakuna kama mimi, nami mjinga nikavimba kichwa. Nikasema, “Mama, ni mchezo tu.” Mselem alinitazama, akaona hata mimi nimekubali, akakubali naye. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi nilikuwa nikiijua methali hiyo tangu utotoni. Nikaikata kaniki hata hivyo.

Mombasa walicheka. Samburu, madereva kutoka bara walicheka mpaka machozi. Mtu hodari kuliko wote anaingia, anawarusha watu kama mito, kisha mwenziwe anamnyunyizia matone mawili na yeye anatetemeka, anaanguka chali. Na hayakuwa hata marashi. Yalikuwa maji ya mfereji.

Lakini huku kwetu hawakucheka. Kavumbi alikaa pwani miaka yote asijue kwamba jini kwetu si mdudu wa sinema. Kila nyumba ina mtu wake aliyewahi kupandisha pepo, aliyepigiwa ngoma, aliyefukizwa ubani. Siku walipocheza Ukunda, Mselem alipotoka sandukuni kimya vile, wanawake walibeba watoto wao wakaondoka. Mmoja hakuwahi kuondoka. Alipandisha pale pale mbele ya jukwaa, akapiga ukelele, akaanza kusema kwa sauti isiyo yake. Watu wakasema jini la Mselem limemvamia.

Unajua Kavumbi alisema nini? Alisugua mikono. “Umeona? Wanaamini!”

Ebo! Alidhani kuaminiwa ni kupigiwa makofi.

Mwezi haukwisha, mambo yakafika Msambweni. Mselem akienda sokoni, muuza samaki anamwekea samaki chini aokote mwenyewe. Ramisi, alikokuwa bado akibeba magunia siku zisizo na mchezo, mwenziwe wa zamu alikataa kushika gunia moja naye. Msikitini, alipoingia kwenye safu, waliokuwa kulia kwake walisogea kulia, na wa kushoto wakasogea kushoto, naye akaswali katikati peke yake. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Watu walikuwa wakisema tu, kwa upole, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Alimwendea Kavumbi. “Nivue kaniki hii. Nirudishie jina langu.”

“Mwezi mmoja tu, Mselem. Watu wameizoea.”

Ndipo akaja yule mwalimu wa mieleka kutoka Nairobi. Alikuwa akizunguka kutafuta vijana wa kwenda kushindana Kampala, mieleka ya kweli, yenye mwamuzi na mizani. Kavumbi alipata habari kwamba atakuja kutazama Mombasa siku ya Jumamosi. Siku yenyewe Mselem alimwomba Kavumbi mbele ya wenziwe wote. Ndugu yangu, ambaye sijapata kumsikia akiomba hata maji, alisema, “Leo tu. Niache nipigane kama Mselem, leo tu. Kesho nitarudi sandukuni, na sitakuomba tena.”

“Tiketi zimeuzwa kwa jina la Jini,” Kavumbi akamjibu. “Watu watanivunjia viti.”

Siku hiyo aliyepangwa kushinda ni Garama, kijana wa Mkongani, mtu mwema, hana neno na mtu. Mazoezini hakuwahi kusimama mbele ya Mselem hata kwa muda wa kuhesabu kumi. Lakini mrashi ulikuwa mkononi mwake. Akanyunyiza, na Mselem akaanguka.

Nimemuuliza mara ngapi mimi! “Kwa nini hukukataa? Ungesimama tu! Mwalimu yuko pale anatazama!”

Akanijibu, “Ningesimama, Garama angeaibika mbele ya yule mwalimu. Yeye amekosa nini?”

Mwalimu alicheka pamoja na watu wote, na baada ya mchezo akamchukua Garama kwa umbo lake. Mselem alimkimbilia nje, masizi bado usoni, kaniki imemning’inia, akamwambia, “Bwana, mimi najua mieleka. Nijaribu. Hapa hapa mchangani.” Yule bwana akampiga begani kwa wema kabisa. “Wewe ni mchekeshaji mzuri sana,” akasema, akapanda gari lake.

Aliporudi nyumbani usiku huo hakula. Asubuhi yake Mzee Abdurahman alikuja kumchukua Mwanaima, naye ana mimba ya miezi mitano. Alisimama mlangoni, hakuingia. “Mselem, sina neno na wewe. Neno langu ni kwa huyo uliye naye. Siku atakapotoka, mkeo atarudi.”

“Baba, sina mtu. Ulikuwa mchezo!”

“Mchezo gani humtia mwanamke pepo Ukunda?” Mzee akamshika mkono binti yake. Mwanaima alikuwa akilia, lakini alikwenda.

Mselem aliacha kazi ya Kavumbi siku hiyo hiyo. Kaniki akanirushia mimi. Nilitaka kuitia motoni, lakini nikaifua, nikaikunja, nikaitia kwenye kasha. Kitambaa kilikuwa kizuri, na mkono wangu ulikuwa mzuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Tumaini lililobaki lilikuwa moja. Sikukuu ya Jamhuri ilikuwa inakaribia, Desemba ya sitini na nne, na Msambweni ilitangazwa mieleka yetu ya mchangani, ile ya kweli. Garama alikuwa amerudi kutoka Kampala na medali, naye alialikwa. Mselem hakuzungumza kitu kingine kwa wiki tatu. Alikuwa akikimbia ufukweni asubuhi, akinyanyua mawe uani. “Wakiniona kwa macho yao, dada. Mchana kweupe, kikoi cheupe, uso umeoshwa. Wakiniona ninavyomshika mtu na kumwangusha kwa mikono hii, watajua ni mimi. Hawatajua?”

“Watajua,” nikasema. Ningesema nini tena?

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Mama aliketi mbele, na nyuma yangu, upande wa wanaume, nikamwona Mzee Abdurahman amesimama na bakora yake. Mselem aliingia katikati akatoa salamu kwa sauti kubwa, asalamu aleikum, ili wasikie kwamba anaitamka, si bubu kama yule wa sandukuni. Wachache waliitika. Akaita nani atakayeshikana naye. Hakutoka mtu. Akaita tena.

Garama akavua shati. Alijua ukweli, maana maji ya mfereji aliyanyunyiza kwa mkono wake mwenyewe. Akaingia akamshika Mselem mkono, nikamwombea dua kijana yule.

Wakashikana. Kampala ilikuwa imemfunza Garama, si kidogo. Alimsukuma Mselem hatua tano, sita, na ndugu yangu akawa anarudi nyuma, anarudi nyuma, na mimi peke yangu pale uwanjani nilijua kwamba anamngoja. Mama alikuwa amenishika goti. Nilihesabu moyoni. Bado. Bado kidogo.

Ndipo mwanamke mmoja akapiga ukelele, “Marashi! Mmwagieni marashi jamani, atamuua mtoto wa watu!”

Na marashi yakatoka. Chupa nzima, marashi ya kweli safari hii, sijui yalitoka kwenye mkoba wa nani. Mtu alikimbia akammwagia Mselem kichwani, akatimua mbio. Watu wote wakasimama kutazama. Walikuwa wamejifunza mchezo wa Kavumbi barabara kuliko wachezaji wenyewe, na sasa walikuwa wakingoja mtu huyu aanguke.

Mselem alipangusa macho kwa bega. Garama alikuwa ameshampa uzito wake wote. Nyonga ikageuka kidogo tu, na mgongo wa Garama ukapiga mchanga kwa kishindo ambacho nakisikia hata leo.

Nilisimama kupiga vigelegele. Mdomo ulikuwa umeshafunguka nilipomsikia mzee wa kwanza.

“Hayamwangushi! Lahaula! Hata marashi hayamwangushi!”

Watu wakakimbia. Walipita juu ya mikeka, juu ya viatu vyao. Mselem hakuwatazama. Alikuwa ameinama, mkono ameunyosha, anataka kumwinua Garama ampangushe mchanga, kwani bila hilo hujashinda. Na Garama, yule yule aliyejua kila kitu, akamtazama akiwa amesimama juu yake, marashi yakimtiririka usoni, akaanza kujikokota kinyumenyume kwa matako.

“Usiniguse!” akasema. “Usiniguse, Mselem!”

Miaka mingi baadaye nilimuuliza sababu, akaona haya. “Nilijua, Bi Mwanarusi. Lakini watu wote wakipiga kelele jambo moja, wewe peke yako utalijua mpaka lini?”

Ndugu yangu alibaki pale na mkono mbele mpaka nikaenda kumchukua.

Mzee Abdurahman alituma neno. Aitwe Mzee Mwero, mganga wa pepo, amtoe jini huyo, ama sivyo talaka itolewe kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama alikubali. Mselem alikuja kwangu jikoni akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, lijitu zima, magoti kifuani.

“Dada, sina jini.”

“Najua.”

“Nani mwingine anajua?”

“Mimi na Mungu.”

“Basi hamtoshi,” akasema.

Ngoma zilipigwa uani kwetu mchana wa kwanza, na mchana wa pili. Ubani ulijaa mpaka kuku wakahama. Kwa kawaida ya kazi ile, jini lazima aseme: ataje jina lake, aseme anataka nini, ndipo ataagwa. Asiposema, yumo bado. Na Mselem alikaa katikati ya mkeka siku mbili, kimya, mgongo umenyooka, kwa sababu hakuwa na jini wa kumsemea. Mama alikuwa akilia, “Sema, mwanangu. Mwache aseme.” Mzee Mwero alichoka. Akasema jini huyu ni mkaidi, labda hatoki kabisa. Nikamwona Mzee Abdurahman anainuka kutafuta viatu vyake.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Mselem aliniita kwa kidole. Nikainama. “Niletee kaniki,” akasema.

“Usifanye hivyo, ndugu yangu. Nakuomba.”

“Niletee, dada. Mtoto yu karibu kuzaliwa.”

Nikafungua kasha. Nikampa kwa mkono huu huu. Alijifunika, akatoka mkekani akasimama, na ngoma zikamwona zikapanda. Akaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha mabega, kisha kichwa, vile vile kama jukwaani, ila jukwaani hakuwa na maneno na sasa alisema. Sauti ilitoka tumboni, sijapata kuisikia, nywele zikanisimama mimi niliyejua. Alisema yeye ni Jini wa Mzimuni. Alisema alimwingia Mselem tangu utotoni, kwenye konde la mpunga. Alisema nguvu zote zilikuwa zake yeye, na wale saba wa Kwale aliwaangusha yeye, na Garama alimwangusha yeye. Mselem, akasema, hakuwahi kumwangusha mtu.

Mzee Mwero akashika mrashi, akamnyunyizia. Na Mselem akaanguka. Mimi nimeona watu wengi wakianguka, lakini anguko kama lile sijaliona tena: mwili mzima ulikwenda kwa pamoja, kaniki ikamtoka, na mgongo ukalala mchangani uani kwetu bila kubakisha hata kidole. Vigelegele vikapigwa. Mama aliviongoza. Mzee Abdurahman aliangusha bakora yake, akapandisha mikono kumshukuru Mungu.

Mzee Mwero akatoa masharti. Kaniki ifukiwe. Na Mselem asishikane na mtu tena maisha yake yote, mchangani wala jukwaani, kwani jini akiona mieleka atarudi. Watu wote wakasema inshallah, hashikani tena. Mwanaima akaletwa siku hiyo hiyo, analia na kucheka.

Watu walipohamia kwenye masinia ya pilau, mimi nilibaki. Nilimwinua ndugu yangu, akaketi. Mchanga ulikuwa umemganda mgongo mzima kwa jasho. Nikanyosha mkono kumpangusa, naye akanishika kifundo cha mkono.

“Wacha, dada. Anayepangusa ni aliyeshinda.”

Nikageuka kumtafuta Mzee Mwero. Alikuwa ameshanawa, anakula.

Jioni Mselem alivaa kanzu juu ya mchanga ule ule akaenda msikitini. Nimeambiwa safu ilijaa, na watu walisimama naye bega kwa bega.